UZI: Mombasa hadi Nakuru na watoto wawili wadogo. Kipi kilikufaa kweli njiani, kipi ulijutia kununua?

MamaWawili_Bamburi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Shule zikifungwa tunapanda bara kwa gari letu wenyewe. Siku ya kwanza tunalala Nairobi, kesho yake Nakuru kwa wakwe. Nina wa miaka mitatu na nusu na wa miezi 8. Mara ya mwisho nilikuwa na mmoja tu, na nusura tugeuze Mackinnon Road. Alitapika Mariakani, akatapika Samburu, tukafika Taru nguo za juu juu zimekwisha. Begi lenye nguo zaidi liko chini kabisa ya buti, juu yake nazi gunia zima na boksi la maembe ya wakwe. Basi baba watoto anafukua buti kando ya barabara na jua lile la Taru, malori yanapita vuu vuu, mimi nimesimama nimebeba mtoto ana pampasi tu na leso yangu. Nikaapa sirudii.

Sasa narudia. Mtandaoni nimeona mengi: trei za kuchezea, vioo vya kumwangalia mtoto, mito ya shingo, mpaka kitanda cha kupuliza hewa kinachowekwa kiti cha nyuma. Kabla sijamwaga pesa, waliopita njia hii na vidogo waniambie. Nataka vitu vilivyotumika, si vilivyopendeza kwenye picha.

BabaPacha

Kitanda cha hewa ufute leo hii. Mimi nilikinunua. Pacha wangu walilala raha mustarehe tangu Mazeras, nikajiona baba bora Pwani nzima. Kupita Voi kidogo, mbuzi akakatiza. Nilikanyaga breki, sikugonga kitu, hata tairi hazikulia sana, lakini wote wawili walikuwa wameshaporomoka chini nyuma ya viti vyetu, mmoja mdomo unavuja damu. Na hiyo ilikuwa breki tu. Kile kitanda hakina pa kumfunga mtoto, ndiyo kazi yake yote hiyo.

Pesa peleka kwenye viti viwili vya watoto. Huyo wa miezi 8 atazame nyuma. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kuliko shingo yake inavyoweza kukidhibiti, na gari likisimama ghafla kiti kinachotazama nyuma kinaupokea mgongo mzima badala ya kuiachia shingo kazi. Kanuni ya viti vya watoto inayotumika Ulaya, R129, inataka mtoto atazame nyuma angalau mpaka miezi 15, na kama kiti kinamruhusu kwa urefu na uzito, zaidi ya hapo ni bora. Usikiweke kiti cha mbele chenye ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali. Ukifumuka unapiga mgongo wa kiti cha mtoto moja kwa moja.

Halafu kifunge sawasawa, maana wengi tunakiweka tu kama begi. Shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise kulia na kushoto. Kikicheza zaidi ya sentimita 2 na nusu, hujafunga. Weka goti ndani ya kiti, ukandamize, ndipo uvute mkanda. Magari yetu mengi ya kutoka Japani yana zile pete za chuma za kufungia kiti cha mtoto, ISOFIX, zimejificha kati ya mgongo na kikalio cha kiti cha nyuma. Tia vidole humo utazigusa. Mimi nilikaa na gari miaka miwili sijui zipo.

Kipusa_Likoni

Dada, kanga mbili na vibanio vya nguo nane. Basi.

MamaWawili_Bamburi

Kipusa, fafanua basi shoga, usiniache juu ya mti.

Kipusa_Likoni

Haya. Vile vivuli vya dirishani vyenye vikombe vya kunyonya kioo vinashika asubuhi. Jua likikolea vinadondoka kimoja kimoja, na kila kikidondoka mtoto anaamka. Mimi nafungua dirisha, natia ncha ya kanga juu ya kioo, nafunga dirisha likabana kanga. Huku chini naishika na vibanio kwenye mfuko wa mlango. Haitoki mpaka uitoe. Dirisha la nyuma la abiria tu lakini, la dereva na la mbele usiguse, anatakiwa kuona vioo vyake.

Ile kanga ya pili ni blanketi, ni taulo, ni pazia la kunyonyesha, ni mkeka wa kubadilishia nepi, na mkiegesha juani unafunika kiti cha mtoto. Kile kifungio cha mkanda kina chuma. Mwanangu aliwahi kuungua paja nacho, alama kama ya pasi. Tulikuwa tumeegesha dakika 20 tu.

DerevaMstaafu_Changamwe

Nimeendesha njia hiyo miaka 26, malori kwanza kisha mabasi, kwa hiyo nitasema machache.

Kwanza, jua. Barabara ya Nairobi inaelekea kaskazini magharibi. Ukitoka asubuhi jua liko nyuma yako na upande wa kulia. Likishapita utosi linahamia kushoto na mbele. Kwa hiyo mtoto aliyekaa nyuma ya abiria atapata kivuli asubuhi na ataungua alasiri. Toka saa kumi na moja alfajiri, mmeswali, na mpange muwe mmeshapita Mtito Andei kabla ya adhuhuri. Hapo ndipo nusu ya njia, kama kilomita 240 kati ya 480. Na kanga ya huyo binti iwe kulia mkiondoka, mkisimama Mtito muihamishe kushoto.

Pili, mbuga. Baina ya Voi na Mtito mnapita katikati ya Tsavo Mashariki na Magharibi. Mtoto akitaka kukojoa hapo, asishuke kichakani. Ndovu mkubwa anaweza kusimama nyuma ya mgunga usimwone. Tena nyani: wanajua gari lililosimama lina ndizi, na hawaogopi mwanamke wala mtoto. Vioo juu, chakula kisionekane. Na kama mtaingia mbugani kwenyewe kutalii, zile chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku humo tangu Juni 2020. Bebeni za kujaza.

Tatu, na hili ndilo linaloniudhi nikiona magari ya familia. Pale kwenye kibao cha nyuma, chini ya kioo, watu hupanga chupa ya chai, simu, sufuria ya pilau. Gari likigonga, ile chupa inakuja mbele kama jiwe la kombeo na mtoto ndiye yuko njiani. Kizito chote kiwe sakafuni au ndani ya buti.

Nesi_Tudor

Ahsante mzee. Niongezee upande wa tumbo.

Kichefuchefu cha gari huwapata zaidi watoto kuanzia kama miaka miwili. Sikio la ndani linasema tunatembea, macho yanatazama kitabu au simu yanasema tumetulia, ubongo unachanganyikiwa. Mama, mara ile mtoto wako alikuwa akiangalia nini?

MamaWawili_Bamburi

Katuni kwenye simu 🙈 Tangu Changamwe.

Nesi_Tudor

Ndiyo hiyo. Ile mikono ya kushikia tableti nyuma ya kiti cha dereva, kwa mtoto anayetapika usinunue. Akae anapoona mbele, atazame mbali, dirisha kidogo wazi, na asile cha mafuta kabla ya safari. Mkate mkavu ni sawa, viazi karai saa kumi alfajiri hapana. Dawa ya kumlaza mtoto safarini usimpe kwa kusikia kwa jirani, hasa chini ya miaka miwili. Pita kliniki kwanza apimwe uzito, uambiwe.

Kwa huyu mdogo: kama unakamua maziwa, joto letu halina mzaha. Kwenye hewa ya kawaida isiyozidi nyuzi 25 yanakaa saa 4, na ndani ya gari letu ni zaidi ya nyuzi 25 hata kabla hujatia ufunguo. Ndani ya sanduku la ubaridi lenye barafu zilizogandana kabisa yanafika saa 24. Gandisha chupa za maji usiku, ndizo barafu zako, zikiyeyuka mnakunywa. Kama ni maziwa ya kopo, beba maji ya moto kwenye chupa ya chai na unga kando uliokwishapimwa, ukoroge papo hapo. Yakishakorogwa yakakaa saa mbili, mwaga.

Na kila saa mbili msimame, mtoeni kitini anyooke. Mtoto mchanga akilala amejikunja kidevu kifuani muda mrefu, pumzi yake inabanwa.

Vya kutafuna: njugu, korosho, peremende ngumu, hivyo acheni nyumbani. Gari linayumba, mtoto anacheka, kokwa imeshaingia kusiko, na wewe uko mbele umefungwa mkanda.

Kipusa_Likoni

Na mabuyu?? 😭

Nesi_Tudor

Mabuyu ndiyo ya kwanza kwenye orodha yangu. Mbegu ile ni saizi ya koo la mtoto.

BabaPacha

Na viti vya gari langu ni vya kijivu. Vilikuwa. Rangi ya mabuyu haitoki, nawaambia.

BiMkubwa_Kuze

Hamjambo wanangu. Nawasoma hapa najichekea. Mimi nimelea sita. Tumewapeleka Lamu, tumewapeleka Tanga, tumewapeleka Nairobi kwa basi la usiku, na sikuwa na kiti wala kioo wala sanduku. Leso moja, mtoto mgongoni au mapajani, chupa ya uji. Wote wako hai na wana watoto wao. Nyinyi mnabeba nyumba nzima.

BabaPacha

Shikamoo bibi. Tunakusikia, na leso tumeikubali sote humu ndani. Lakini kwenye kiti nitakubishia kwa adabu. Gari la kilomita 80 kwa saa likisimama ghafla, mtoto wa kilo 9 mapajani haushiki mkono wa mtu yeyote, hata wa mbeba mizigo wa Kilindini. Nimeona pacha wangu wakiruka kwa breki tu.

BiMkubwa_Kuze

Marahaba mjukuu wangu. Haya, kwa hilo nimenyamaza. Magari ya siku hizo nayo hayakuwa yakikimbia hivi, na mengine yalikuwa yakisukumwa.

Lakini nisikilize kwa jingine. Unaondoa simu, unaweka nini mahali pake? Mtoto wa miaka mitatu na nusu huyo, saa nane kitini. Mtie vitendawili. Nyumba yangu haina mlango. Akisema yai, mwambie ana mji, amepewa Mombasa yote. Kisha atege yeye, na vyake havitakuwa na maana yoyote, wewe shindwa tu kila kimoja, mpe miji. Wangu walikuwa wakifika Voi wameshachukua mpaka Zanzibar. Na paukwa pakawa usiimalizie njia ya kwenda. Ikatie patamu, mwambie iliyobaki ni tukishatoka Emali.

Mpwani_wa_Basi

Wenye magari mna raha. Sisi wa Mwembe Tayari tunaopanda basi tufanyeje na hayo masanduku?

Nitajibu mwenyewe. Mtoto wa zaidi ya miaka miwili namkatia tikiti yake, sitaki tena kufika na mapaja yamekufa ganzi. Basi nachagua lenye mikanda inayofanya kazi, na naijaribu kabla halijaondoka, si baadaye. Dirisha lake, mimi upande wa njia. Begi moja tu la miguuni, lisilozidi mtoto mwenyewe: nguo jozi mbili, pampasi nne, waipsi, maji, mkate, na kopo. Kubwa liende chini kwa makuli. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuweka dawa ya homa kwenye begi la chini. Mtoto alichemka tangu Maungu, dawa tunaikanyaga wote basi zima.

MamaWawili_Bamburi

Kopo la nini, Mpwani?

Mpwani_wa_Basi

La matapishi, dada. Zamani tulikuwa na mifuko ya nailoni, tangu 28 Agosti 2017 haipo, na ile ya kitambaa iliyokuja mahali pake inavuja, sina haja ya kueleza nilijuaje. Chukua kopo la siagi la kilo moja, lile lenye kifuniko cha kubana. Ndani weka tishu zilizokunjwa ziwe kama godoro. Mtoto analishika mwenyewe kwa mikono miwili, ni pana, halikosi. Ukishatumia funga, harufu inabaki humo. Mkisimama unamwaga chooni, unasuuza, unapanga tishu upya. Beba mawili.

DerevaMstaafu_Changamwe

Hili la kopo ningelijua miaka 26 iliyopita.

BabaPacha

Mbinu hiyohiyo kwenye poti. Poti ndogo ya mtoto, ndani yake tandaza pampasi iliyofunguliwa. Anakojoa, pampasi inanyonya yote, unaikunja, inaingia kwenye ndoo yenye kifuniko. Milango miwili ya upande mmoja ukiifungua inafanya chumba, kanga juu. Hujamshusha mtoto kichakani, hujamwaga kitu Tsavo. Kati ya vitu vyangu vyote vya safari, poti ya shilingi mia chache ndiyo iliyolipa gharama yake siku ya kwanza.

Kile kioo cha kumtazama mtoto anayetazama nyuma: kinafaa kama kuna mtu mzima pembeni. Ukiwa dereva unajikuta unamtazama mtoto, lori liko mbele.

Mto wa shingo: wa watu wazima unamsukuma mtoto kichwa mbele. Wangu uliishia kwa bibi yao, anatazamia nao taarifa ya habari.

Msomaji_Kimya

Pandeni treni ya Miritini jamani, yote haya ya nini.

MamaWawili_Bamburi

Treni tamu, lakini inanifikisha Nairobi tu, na mimi nina Nakuru, na maembe, na nazi.

Swali la mwisho kabla sijatoka. Tusimame wapi na watoto?

DerevaMstaafu_Changamwe

Mackinnon Road, msikitini kwa Sayyid Baghali, kando ya reli. Hata malori husimama hapo. Kivuli, maji, mtoto anyooshe miguu. Kisha Mtito, mjaze mafuta na mhamishe kanga. Kisha Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga, lipo tangu 1926. Wanalisha kila msafiri bure, dengu na chapati na chai, hawakuulizi dini yako. Unavua viatu, unafunika kichwa. Choo ni safi. Mtoto anayekataa kila kitu, ile chapati hula. Sadaka kuna sanduku lake, weka ulichojaliwa.

MamaWawili_Bamburi

*(wiki tatu baadaye)*

Nimerudi, tuko salama, alhamdulillahi. Nimeahidi ripoti.

Viti vilinigharimu kuliko vyote. Kimoja nilikipata kwa mtu, cha mtumba, kizuri kama kipya, nikafurahi. Nikageuza chini kutafuta ile tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye plastiki, nikakuta ilipita zamani, na ufa mwembamba kama unywele pale mkanda unapopita. Nilimrudishia, akaniambia "si kinakalika tu?" Tukanunua kipya, tukaacha kununua trei, vioo na mito yote. Zile pete za ISOFIX tulizipata, BabaPacha, mume wangu aliruka kama aliyeokota dhahabu.

Mkubwa alitapika mara moja tu, Samburu, ndani ya kopo. Alilishika mwenyewe, akafunga mwenyewe, akaniambia "tayari mama" kama mtu aliyemaliza kuosha kikombe. Mpwani wa Basi, popote ulipo, Mungu akupe gari.

Kanga ilihamishwa Mtito kama mzee alivyosema. Mwaka jana nilidhani jua linatufuata kwa ubaya tu.

Kilichoshindikana: lile sanduku la ubaridi la kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Niliazimwa, na hakuna aliyenionya humu! Tulisimama Makindu, tukala, tukakaa karibu saa nzima na sanduku limechomekwa. Kurudi, gari haliwaki. Betri imenyonywa kavu. Masingasinga wawili na kondakta mmoja wa basi wakatusukuma. Tangu hapo nilitumia chupa zilizogandishwa tu, na mpaka Nairobi bado zilikuwa na barafu katikati.

Bi Mkubwa, shikamoo. Mkubwa ana Mombasa, Voi, Nairobi, Nakuru, Kisumu asikokufahamu, na Makka. Paukwa niliikatia Emali, akalala kabla sijaimalizia, kwa hiyo bado ananidai.

BiMkubwa_Kuze

Marahaba mwanangu. Mmalizie, deni la mtoto halilali. Na maembe ya wakwe yalifika?

MamaWawili_Bamburi

Yalifika bibi. Safari hii yalikaa chini kabisa ya buti, na begi la nguo juu yake.